Kwanza Amotisere, Chuma Kinene Baadaye

Ndugu mfanyakazi, nawe mama unayemngojea nyumbani,

Safari hii siandiki juu ya malaria wala juu ya kofia za kazi. Naandika juu ya motokari yako, kwa sababu imeanza kuniletea wagonjwa.

Kijana mmoja wa kazi yetu alikuja dispansari akishika kiuno. Nilimwuliza kama amenyanyua mzigo mzito. Akasema hapana. Kumbe ameinunulia Toyota Altezza yake resori fupi ili ikae chini, pamoja na chuma kinene cha kuzuia motokari isilale katika kona. Vyote vilitoka Bujumbura. Kisha akaendesha toka Uvira mpaka Baraka na kurudi siku ileile. Kila shimo la Makobola na la Mboko likapita moja kwa moja katika uti wa mgongo wake.

Chuma hicho ni nini? Ni fimbo yenye umbo la herufi U, inayounganisha gurudumu la kushoto na la kuume. Motokari ikiingia katika kona, mwili wake hulalia upande wa nje. Fimbo hujipinda na kukataa. Ni kitu chema, na motokari nyingi hutoka kiwandani nacho. Lakini vijana wanataka kinene zaidi bila kujua hesabu yake. Ukiacha fimbo ya milimita 20 ukaweka ya 25, ugumu hauongezeki kidogo: unakuwa karibu mara mbili na nusu. Tena, kwa kuwa magurudumu mawili yamefungwa pamoja, moja likiingia shimoni la pili nalo linasumbuliwa. Katika lami laini ya mashindano hiyo si taabu. Katika barabara yetu ya Taifa namba 5, wewe ndiwe unayeipokea taabu hiyo kwa makalio.

Mgongo wa mtu aliyeketi unachukia zaidi mtikisiko wa mara 4 hadi 8 kwa sekunde. Madereva wetu wa malori ya mgodi wanaujua vizuri. Basi umetikiswa zamu nzima, unatoka, unapanda motokari uliyoifanya ngumu kama benchi. Mgongo utapumzika lini? Na usiku utakapompeleka mkeo kujifungua, utamweka katika kiti gani?

Hilo ni la mgongo. La uhai ni hili: chuma kinene hakiyapi matairi yaliyochakaa nguvu ya kushika barabara. Kinachopunguza ni ule mlalo tu, na mlalo ulikuwa ukikuonya kwamba mwendo umezidi. Ukiweka kinene mbele peke yake, pua inakataa kugeuka. Ukikiweka nyuma peke yake, mkia unateleza, hasa mvua ikinyesha. Sasa kumbuka unapoteleza. Ukitoka Uvira kwenda kusini, upande mmoja ni mlima na upande wa pili ni ziwa. Ukienda Bukavu kwa njia ya Ngomo, unatoka bondeni kwa Ziwa Tanganyika, mita 770 hivi juu ya bahari, unapanda kuelekea Ziwa Kivu lililo mita 1,460 hivi. Kona hufuata kona, na chini ni korongo.

Sichukii motokari nzuri. Ningekuwa na Altezza ningeiosha kila Jumapili. Lakini shauri langu ni kwamba fedha ya mshahara ianzie kwa amotisere. Bonyeza pembe ya motokari kwa mikono miwili, uiachie. Ikipanda na kutulia mara moja, ni nzima. Ikirukaruka mara mbili, tatu, amotisere imekufa. Na ukiona mafuta yanatoka juu yake, usingoje. Pili, tazama vile vipande vya mpira vinavyoshika fimbo. Vikiisha utasikia ko-ko-ko katika kila shimo, na fundi mwenye njaa atakuambia ununue fimbo mpya, kumbe ni mpira wa bei ndogo tu. Tatu, matairi. Yote matatu yakiwa mazima, na kama safari zako ni za lami tu, hapo ndipo tutazungumza juu ya chuma kinene.

Wala chuma hakimsaidii anayepakia magunia juu ya paa na watu wanne katika kiti cha mbele. Uzito ukipanda juu, kupinduka kuko karibu. Lori lenye tanki ni baya zaidi, maana mzigo wake unachezacheza. Tarehe 2 Julai 2010, pale Sange, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukawaka. Zaidi ya watu 200 walikufa. Mama, waambie watoto: lori la mafuta likilala, tunakimbia kuliacha, hata kama ndoo iko mkononi.

Yule kijana nilimpa dawa ya maumivu na siku tatu za kupumzika. Juma lililofuata amerudisha resori za kwanza na fimbo ya kiwandani, akanunua amotisere nne mpya. Chuma kinene sasa ni komeo la mlango wa banda la mbuzi kwa mama yake, na anasema mbuzi hawatoki tena.