Msiri wa mwanafunzi asiwe mwenye bakora

Ni watoto wachache Afrika Mashariki waliopimwa choo, mkojo na damu kama watoto wa skuli za Pemba. Tangu miaka ya 1990 watafiti wamekuwa wakiingia madarasani na vikopo vyao, na mwaka 2000 ikafunguliwa Wawi, karibu na mji wa Chake Chake, maabara ya afya ya jamii iliyopewa jina la Ivo de Carneri, bingwa wa vimelea kutoka Italia. Yaliyogunduliwa hapa kuhusu minyoo na upungufu wa damu yalisomwa mpaka Geneva. Mwaka 2001 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliazimia kwamba watoto wa skuli wa maeneo yenye minyoo na kichocho wapewe dawa kila baada ya muda, lengo likiwa kuwafikia angalau asilimia 75 ifikapo 2010. Siku ya dawa ikifika, mtoto wa Pemba anapanga foleni, anameza vidonge mbele ya mwalimu, jina linatiwa alama daftarini, anarudi darasani.

Nimeanzia kwenye minyoo kwa makusudi. Kila likizuka suala la afya ya akili ya wanafunzi, jibu la haraka ni kwamba skuli si hospitali na mwalimu si daktari. Kwa Pemba jibu hilo halisimami. Skuli za kisiwa hiki zimefanya kazi ya zahanati kwa miongo mitatu, na mwalimu ndiye aliyeshika daftari la dawa. Swali ni kwa nini uzoefu huo haujaingia kwenye maradhi ya moyo na fikra, wakati Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana 1 kati ya 7 wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Hiyo ni hesabu ya dunia nzima, haikupimwa Wawi. Lakini hata ukiikata nusu, kila darasa lina mtoto wake.

Tofauti moja ni kubwa, na makala hii imesimama juu yake. Kidonge cha minyoo hakimtaki mtoto aseme kitu. Dhiki ya moyo haitibiki mpaka mtoto afungue mdomo, na mtoto hafungui mdomo mbele ya mtu anayemwogopa.

Tuangalie kwanza kinachowalemea. Msimu wa karafuu ukishika, Pemba nzima inanukia, na kazi haimwachi mtoto. Mchana anaokota mpeta, karafuu zilizoanguka chini ya mikarafuu. Usiku watu wa nyumba hukaa kitako mkekani kuchambua, karafuu huku na makonyo kule, na msichana wa kidato cha pili yumo, vidole vimeingia weusi. Asubuhi anasinzia kwenye kipindi cha hesabu. Mwalimu anaona uvivu. Huko Kojani wavuvi huenda dago, wakahama kwa miezi kufuata samaki, na vijana wa kiume huondoka nao. Anayerudi anakuta wenzake wameshapita sura nne za kitabu na yeye amebaki na aibu yake kwenye dawati la nyuma. Wengine wazazi wako Unguja, Mombasa au Oman, na wanalelewa na bibi mwenye mapenzi mengi na nguvu chache. Juu ya hayo pana mtihani wa kidato cha nne, unaofanywa kwa Kiingereza na watoto wanaoishi kwa Kiswahili kuanzia alfajiri mpaka isha.

Hizo ni dhiki za kila siku. Kisiwa kina pia majonzi makubwa ambayo skuli ziliyapita kimya. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, meli ya Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Miili zaidi ya 200 ilipatikana. Tume ya uchunguzi baadaye iliweka jumla ya waliokufa na waliopotea kuwa zaidi ya 1,500. Tafakari maana ya tofauti ya namba hizo mbili kwa kisiwa ambacho leo, kwa sensa ya 2022, kina watu wapatao 543,000. Kwa familia nyingi hapakuwa na maiti ya kuosha wala kaburi la kuzuru. Mtu mzima aliambiwa avute subira, akaswaliwa yule asiyekuwepo, mirathi ikagawiwa. Mtoto wa darasa la pili aliyekuwa akimsubiri mama yake arudi na nguo mpya alirudi kwenye dawati, na somo likaendelea pale lilipoishia. Kabla ya hapo kulikuwa na Januari 2001, pale machafuko ya kisiasa yalipoua watu na zaidi ya 2,000 wakakimbilia Shimoni, Kenya, watoto wakiwa migongoni mwa mama zao. Aliyekuwa na miaka 7 meli ilipozama ameshapita miaka 20 sasa. Huenda ndiye mwalimu wa mwanao.

Sisemi kwamba Wapemba waliachwa bila msaada wowote wa moyo. Dini iliwabeba, na iliwabeba vizuri: khitma, dua, majirani waliopika siku nzima. Ninachosema ni kwamba msaada ule ulipangwa kwa watu wazima, na mtoto akahesabiwa kuwa amehudumiwa kwa sababu alikuwepo mkekani.

Dhiki isiyopata mlango hutafuta dirisha. Kila mwalimu wa skuli ya wasichana visiwani anaijua siku ambayo mmoja anaanguka akipiga kelele, wa pili anafuata, na kufika adhuhuri darasa zima linalia. Wenyewe husema wamepandisha majini. Skuli hufungwa, sheikh huitwa, kisomo husomwa. Watu wa nje huliona hili jambo la Pemba na majini yake, nami naona ni uonevu. Kisa kinachojulikana zaidi duniani cha aina hii kilitokea mbali na karafuu, katika skuli ya bweni ya wasichana ya wamisionari huko Kashasha, Kagera. Tarehe 30 Januari 1962 wasichana watatu walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Ilipofika tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameshapatwa, na skuli ikafungwa. Madaktari walitafuta sumu na vijidudu, wakakosa. Kilichobaki mezani kilikuwa maisha ya wasichana wenyewe.

Kwa hiyo sina ugomvi na kisomo. Mzazi anayemsomea mwanawe au kumpa kombe anafanya anachokiamini, na mara nyingi mtoto anatulia kwa sababu amezungukwa na watu wanaomjali. Ugomvi wangu ni na yanayofuata, kwa maana mara nyingi hakuna yanayofuata. Skuli hufunguliwa Jumatatu na hakuna anayewauliza wale wasichana wiki ile ilikuwaje: dakhalia inalalika? Kuna mtu anawasumbua njiani? Yupo mwalimu anayewatisha?

Hapo ndipo inapoingia bakora. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inamkinga mtoto na ukatili, na wizara ya elimu imekuwa ikihimiza adhabu mbadala kwa miaka. Bara kanuni bado inaruhusu hadi viboko vinne kwa idhini ya mkuu wa shule. Karatasi ni tofauti, mikono inafanana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliohusisha Bara na Zanzibar, ulikuta karibu robo tatu ya vijana walipigwa kabla ya kutimiza miaka 18, na walimu walikuwa miongoni mwa waliotajwa sana.

Tatizo la kitaasisi ambalo halizungumzwi vya kutosha ni hili. Ukiuliza katika skuli nyingi nani anashughulikia ushauri nasaha, utaelekezwa kwa mwalimu yule yule wa nidhamu, au kwa mwalimu mwenye vipindi vingi kama wenzake aliyeongezewa cheo hicho bila saa hata moja. Asubuhi yuko getini anawachapa waliochelewa. Mchana anatakiwa kumuuliza mmoja wao kwa nini anachelewa. Mtoto ana akili; atajibu, "Nililala sana, mwalimu," na habari ya baba wa kambo itabaki nyumbani.

Wapo wanaopinga, na hoja zao si za kubeza. Wanasema kisiwa ni kidogo, kila mtu ni jamaa wa kila mtu, na siri iliyosemwa skuli asubuhi itamtangulia mtoto nyumbani. Ni kweli. Tumeona kesi za udhalilishaji zikizimwa kwa muhali, kwa sababu mtuhumiwa ni ami wa mtu au mwenye nyumba anayedaiwa fadhila. Lakini hoja hii, ukiifuata mpaka mwisho, inadai utaratibu mkali zaidi wa siri. Visiwani tayari tuna vituo vya Mkono kwa Mkono, kimojawapo hospitali ya Chake Chake, ambako mtoto aliyedhalilishwa anakutana na daktari, polisi na mshauri mahali pamoja. Kilichokosekana ni mtu ndani ya skuli anayejua lini ampeleke mtoto huko, na ambaye sheria inamlinda pale jamaa watakapomjia usiku kumbembeleza anyamaze.

Hoja ya pili ni ya nafasi na muda, na hii ndiyo ngumu kweli. Skuli inayokwenda mikondo miwili haina saa tupu. Wa asubuhi wakitoka wa jioni wanaingia, vumbi halijatulia. Pa kukaa watu wawili wakazungumza pasipo masikio ya tatu hapapatikani. Majengo mapya ya ghorofa yanayojengwa visiwani yameleta matumaini ya kuumaliza mkondo wa pili, na ni fursa ya kutenga chumba. Ila tahadhari moja, maana mambo haya huharibikia kwenye ramani: chumba hicho kisiwe ubavuni mwa ofisi ya mwalimu mkuu wala kisibandikwe kibao kikubwa. Mwanafunzi anayeonekana akiingia kwenye mlango wa "wenye matatizo" haingii mara ya pili. Kivuli cha mwembe karibu na uwanja wa netiboli kitafaa zaidi.

Halafu kuna wataalamu. Zanzibar ina hospitali moja ya maradhi ya akili, Kidongo Chekundu, nayo iko Unguja. Kwa mzazi wa Micheweni hiyo ni safari ya gari mpaka bandarini, tiketi ya meli, mahali pa kulala, na jina la hospitali ambalo watu hulitaja kwa kutaniana. Mtoto mwenye huzuni ya miezi miwili hahitaji kufikishwa huko. Anahitaji mtu wa kumsikiliza mapema ili asije akafika huko.

Na msikilizaji huyo si lazima awe na shahada ya saikolojia. Nchini Kenya, taasisi ya Shamiri iliyoanzishwa na Tom Osborn imewatumia vijana waliomaliza sekondari hivi karibuni kuongoza vikundi vya wanafunzi wenye dalili za sonona na wasiwasi: vikao vinne vya saa moja moja, mazungumzo juu ya kukua, kushukuru na mambo ambayo mtu anayathamini. Matokeo ya jaribio lililofanywa katika sekondari za Nairobi na Kiambu, yaliyochapishwa 2021, yalionyesha kuwa dalili zilipungua kuliko kwa wenzao waliopewa vikao vya mbinu za kusoma. Pemba haina uhaba wa vijana waliomaliza kidato cha sita wakakaa barazani, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) kina kampasi Mchangamdogo. Mambo ya Nairobi hayabebwi mazima mazima; watoto wa Konde wana maneno yao na mipaka yao, na mvulana kumwongoza msichana kwenye kikao cha namna hiyo hakutakubalika na wazazi. Hilo linarekebishika. Maustadhi wa vyuo vya Kurani nao washirikishwe tangu mwanzo, kwa sababu mtoto wa Pemba ana walimu wa aina mbili, na mara nyingine wa chuoni ndiye anayejua kwamba mtoto ameacha kula.

Nikiambiwa nichague jambo moja la kuanza nalo, sitachagua semina wala siku ya maadhimisho yenye fulana. Kila skuli ya sekondari Pemba iwe na mwalimu mshauri mmoja wa kike na mmoja wa kiume, wapunguziwe vipindi, wafunzwe lini wakae na siri na lini waipeleke Chake Chake, na wasiruhusiwe kabisa kuwa na kazi ya nidhamu. Asiyeshika bakora ajulikane kuwa haishiki. Vijana wa vikao, chumba na mengineyo yatafuata. Hili la kwanza halingoji mfadhili wala jengo jipya. Linangoja waraka wa ukurasa mmoja kutoka wizarani, na mwalimu mkuu atakayeusoma mbele ya wanafunzi wote asubuhi kwenye mstari.