Vitamini ndani ya unga sawa, na tumbo je?

Haya washkaji, nimerudi. Testi zimetukaba wiki mbili nzima, desa zimejaa kitandani mpaka pa kulala hakuna, ila nipo hai. Leo sizungumzii bumu (tulie kimya kimya tu), naleta ubishi uliozuka juzi pale kimbwetani ukaendelea mpaka mlinzi akaja kutufukuza.

Mshkaji wangu mmoja anasema hivi: shida ya watoto wetu wa Tabora, Urambo, Sikonge na kwingineko ni vitamini tu. Wekeni vitamini kwenye kila unga, kwenye kila mafuta, mchezo umekwisha. Mimi nikamwambia ndiyo, lakini hiyo ni nusu ya ndiyo.

Tusije tukadhani hajui anachosema. Mwaka 2010 utafiti wa kitaifa wa afya ulikuta kama theluthi moja ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamepungukiwa vitamini A. Mwaka 2011 zikaja kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga na mafuta ya kula: madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki na B12 kwenye unga, vitamini A kwenye mafuta. Chumvi ilishaanza kutiwa madini joto tangu miaka ya 1990, na leo shingo zenye tezi kubwa huzioni kama walivyoziona bibi zetu. Kwa hiyo kitu kinafanya kazi. Sibishi hapo.

Nabisha hapa. Unga ukishapita mdomoni unakwenda wapi? Unakwenda kwenye utumbo, na utumbo wa mtoto anayeharisha kila baada ya wiki tatu ni kama gunia lenye tundu. Mtoto mwenye maambukizi, mwili wake wenyewe unafunga mlango wa kupokea madini ya chuma. Yale yasiyofyonzwa hayapotei, yanateremka mpaka utumbo mpana, na huko kuna bakteria wabaya wanaoyapenda kweli kweli. Bakteria wazuri wa mtoto anyonyaye wanayahitaji kidogo sana. Sasa nani ananenepa hapo?

Hili sio la kutunga. Kwale, pwani ya Kenya, watafiti waliwapa watoto wa miezi sita uji wa mahindi uliochanganywa na unga wa virutubishi kwa miezi minne, wengine wenye chuma na wengine bila. Majibu yalitoka 2015: waliopata chuma waliongezeka bakteria wa jamii ya E. koli, bakteria wazuri wakapungua, na utumbo ukaonyesha dalili za kuvimba. Kabla ya hapo kulikuwa na Pemba, na ya Pemba inatisha zaidi. Watoto zaidi ya 24,000 walikuwa kwenye utafiti wa vidonge vya chuma na asidi ya foliki, kule kwenye malaria nyingi. Matokeo yalichapishwa 2006: waliopewa chuma, hatari yao ya kulazwa au kufa ilipanda kwa asilimia 12. Ila wale waliokuwa wamepungukiwa damu kweli kwa kukosa chuma, na malaria yao ikawa inapimwa na kutibiwa vizuri, walifaidika. Someni hiyo sentensi mara mbili, ndio hoja yangu yote. Na angalieni tofauti: kidonge kwa mkupuo sio sawa na chembe kidogo ndani ya ugali, kwa hiyo msianze kuogopa unga wa dukani. Mimi mwenyewe naula.

Kwa sisi wa Tabora habari hii ni ya zamani kuliko tunavyodhani. Pale Kwihara, Livingstone alikaa mwaka 1872 akingoja wapagazi, Stanley ameshamwachia shehena ya vitu na vyakula. Shehena haikumponya tumbo. Agosti akaondoka, na mwaka uliofuata akafia kwa Chitambo, Zambia ya leo, akitokwa damu tumboni. Misafara iliyokuwa inapita hapa kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilituachia maembe, na embe bivu ni vitamini A ya bure barabarani. Lakini maembe yanaiva na mvua, na mvua ndio msimu wa visima vichafu na kuharisha. Mkono mmoja unapewa, mwingine unanyang'anywa.

Halafu kuna jambo la mashine. Unga wenye nembo unatoka kwenye viwanda vikubwa. Kijijini Sikonge watu wanabeba debe la mahindi yao kichwani wanakwenda kusaga mashineni, na pale hakuna wa kutia chochote. Aliye na hela ya kununua ule wa pakiti mara nyingi ndiye mwenye choo kizuri na bomba pia.

Sasa mnajua kwa nini nimewaka. Dada yangu kanipigia simu, mtoto wake wa mwaka na nusu kaambiwa ana upungufu wa damu, toka masika ameharisha mara tatu. Ananiuliza anunue yale makopo ya unga wa lishe wa bei mbaya mjini? Nikamwambia dada, kwanza mrudishe akapimwe malaria na minyoo. Dawa ya damu apewe na daktari, sio mwenye duka. Akiharisha tena, maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki siku 10 mpaka 14, amalize zote hata kama kaacha kuharisha. Matone ya vitamini A asikose, Juni na Desemba. Maji achemshe. Na uji ampe wa togwa, ile iliyochachuka vizuri. Akacheka, eti chuo kinakufundisha togwa! Lakini kuna utafiti wa Iringa, uliochapishwa 1999, ulioonyesha watoto wanaokunywa togwa kila siku wanapungukiwa vimelea vya kuharisha kwenye choo. Isitoshe kuchachusha kunalegeza vile vitu kwenye nafaka vinavyoshika chuma. Mabibi walikuwa na maabara kwenye mtungi.

Mshkaji wangu bado kakaza, anasema vyoo vitachukua miaka 30 na unga unachukua mwezi. Hapo kanibana kidogo, nakiri ni hoja. Wenye jibu waandike hapo chini.

Likizo naenda Sikonge. Nimeshaahidiwa marando ya viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani. Dada anasema atapanda, ila michembe ataendelea kukausha ya vile vyeupe kwa sababu hivi vingine havina utamu. Tutabishana huko huko.