Viwanda vya saruji vishikane mikono na mafundi

Mhariri,

Huku kwetu Iringa, kila kiangazi matanuri ya matofali hufuka moshi usiku kucha, na kinacholiwa humo ni miti yetu. Njia nyingine ipo: tofali la kufungamana. Udongo huchanganywa na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine, kisha tofali humwagiliwa maji kivulini, halichomwi. Wakala wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umelihimiza kwa miaka mingi. Kikwazo ni mashine na ujuzi.

Viwanda vya saruji vishirikiane na wakala huo pamoja na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA): vikopeshe vikundi vya vijana mashine, vigharamie mafunzo. Saruji itauzika, miti itabaki. Kidole kimoja hakivunji chawa; wenye viwanda, anzeni hata na wilaya moja.

Msomaji wenu,
Iringa