Homa ya Ini B: Tupime Kabla ya Kutafuta Mtoto

 

Wapenzi wasomaji wa safu hii, siku moja baada ya darsa ya akina mama, binti aliyeolewa miezi mitano tu kabla yake alibaki msikitini wenzake walipokwisha kuondoka. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, mume wangu amenihama. Analala sebuleni, na kila nikimuuliza anasema amechoka. Nahisi anataka kuniacha." Nilimsihi asitangulize dhana, amuulize mumewe kwa upole wakati ambao nyumba imetulia.

Wiki iliyofuata alirudi na jibu. Mumewe alikuwa amejitolea damu kazini kwake. Siku chache baadaye aliitwa, akaambiwa kwamba damu yake imekutwa na virusi vya homa ya ini aina ya B. Hakupata maelezo mengi. Akaona kuwa njia pekee ya kumlinda mkewe ni kumkimbia. "Na habari ya mtoto," binti akaniambia huku akifuta machozi, "ameniambia niisahau kabisa."

Kijana yule hakuwa na khiana. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilitokana na kutojua. Kwa kuwa wengi wetu hatuna elimu zaidi yake katika jambo hili, nimeona tulizungumze leo.

Ni maradhi gani haya?

Homa ya ini B husababishwa na kirusi kinachoishi katika ini na kusafiri katika damu. Wanasayansi walianza kukitambua katika miaka ya 1960 kupitia kazi ya daktari wa Kimarekani, Baruch Blumberg, na siku yake ya kuzaliwa, tarehe 28 Julai, ndiyo inayoadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Homa ya Ini Duniani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu wapatao milioni 254 walikuwa wakiishi na maradhi haya, na Afrika ni miongoni mwa maeneo yaliyoathirika zaidi.

Tatizo lake kubwa ni ukimya. Mtu anaweza kuishi nacho miaka ishirini au thelathini bila macho kuwa ya manjano, bila maumivu, akafanya kazi, akafunga na kusali kama kawaida, huku ini likiharibika taratibu mpaka kufikia kusinyaa au saratani. Ndiyo maana wengi hugundua kwa bahati tu, kama alivyogundua kijana wetu.

Kirusi hiki hupita katika damu, katika tendo la ndoa, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Hakiambukizwi kwa kula sinia moja, kupeana mikono, kukumbatiana wala kutumia choo kimoja. Kwa hiyo kumtengea mgonjwa sahani na kikombe ni kumdhulumu bila faida yoyote.

Kwa nini kabla ya ujauzito?

Hapa ndipo penye uzito. Mtu mzima mwenye afya njema akiambukizwa, mara nyingi mwili wake hukishinda kirusi. Wanaobaki nacho maisha yao yote hawafiki watano katika mia. Lakini mtoto mchanga akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, zaidi ya tisini katika mia hubaki nacho daima. Na mama akiwa na virusi vingi katika damu, pasipo kinga yoyote, uwezekano wa kumwambukiza mwanawe ni mkubwa mno. Mtoto huyo atakua, ataoa au ataolewa, na mnyororo utaendelea.

Tanzania iliingiza chanjo ya maradhi haya katika chanjo za kawaida za watoto mwaka 2002. Maana yake ni kwamba wengi waliozaliwa kabla ya hapo, ambao leo ni maharusi na wazazi, hawakuchanjwa utotoni. Ndugu zangu, tusijihesabu kuwa tumo katika salama kwa sababu tu wadogo zetu wamechanjwa.

Kipimo ni cha damu kidogo tu. Mke na mume wapime wote wawili, na waombe wazi kipimo cha homa ya ini B, kwani mara nyingi wanaokwenda kupima kabla ya ndoa hupimwa Ukimwi peke yake wakadhani wamemaliza. Majibu yanaweza kuja kwa sura tatu.

Ya kwanza, wote hawana virusi wala kinga. Hao wachanjwe. Kwa kawaida mtu mzima huchomwa sindano tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu mwezi wa sita tangu ile ya kwanza. Hata mwanamke akishika mimba katikati, chanjo hii haina madhara kwa ujauzito.

Ya pili, mume anacho na mke hana. Hapa hatari ya mtoto hupitia kwa mama, kwa hiyo anayetakiwa kulindwa ni mke. Achanjwe, na mpaka kinga ithibitike kwa kipimo baada ya sindano ya mwisho, wawili hao watumie kondomu. Kuahirisha mimba kwa muda, kwa ridhaa ya wote wawili, ni jambo ambalo wanazuoni wengi wamelijuzisha.

Ya tatu, mke ndiye mwenye virusi. Huyu asikatazwe kuzaa, wala asiambiwe kuwa tumbo lake ni la balaa. Apimwe wingi wa virusi na hali ya ini lake kabla ya kubeba mimba. Akiwa mjamzito, daktari anaweza kumpa dawa iitwayo tenofovir ili kupunguza virusi kabla ya kujifungua. Mtoto naye apate chanjo ndani ya saa 24 za kwanza tangu azaliwe, kisha aendelee na zile za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kwa hiyo familia iulize mapema, si siku ya uchungu, ni hospitali gani yenye chanjo hiyo ya saa za kwanza. Na mama amnyonyeshe mwanawe bila wasiwasi. Maziwa yake hayana tatizo.

Nitoe tahadhari mbili. Tenofovir hutumiwa pia kutibu Ukimwi, na kwa sababu hiyo wapo wanaoficha chupa ya dawa au kuitupa wakihofia maneno ya watu. Kuiacha ghafla bila daktari kunaweza kuliamsha gonjwa kwa nguvu. Pili, baadhi ya mitishamba inayouzwa kwa madai ya kusafisha ini ndiyo hiyo hiyo inayoliumiza.

Sitara si kuficha

Sheria yetu imekuja kuhifadhi mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Katika maradhi haya nafsi na kizazi vyote vimo hatarini. Mchumba anayejijua kuwa na virusi hivi akanyamaza mpaka baada ya nikahi, amemdhulumu mwenzake haki ya kujikinga. Na familia iliyoambiwa siri hiyo, kisha ikaitangaza mtaani baada ya posa kuvunjika, nayo imefanya dhuluma. Kumwambia anayehusika ni amana. Kuwaambia wasiohusika ni kumvunjia Muislamu heshima yake. Wala kuwa na homa ya ini B si ushahidi wa zinaa. Wengi wamezaliwa nayo.

Tusisahau pia milango iliyomo ndani ya desturi zetu njema. Kirusi hiki huweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi, hata katika tone la damu iliyokauka. Anayepiga hijama atumie wembe mpya kwa kila mtu, na vikombe visivyo vipya vitakaswe kitaalamu. Ngariba na mtoboa masikio nao ni hivyo hivyo. Nyumbani, kila mtu awe na wembe wake na mswaki wake, hata kama ni mke na mume.

Nirejee kwa binti yetu. Nilimwomba aende hospitali pamoja na mumewe, waingie chumba kimoja, wasikie maneno mamoja. Yeye alikutwa hana virusi wala kinga. Alianza kuchanjwa siku ile ile, na akatakiwa arudi kupimwa tena, kwa kuwa maambukizi mapya huchukua muda kuonekana. Mumewe alipimwa ini na wingi wa virusi. Akaambiwa kuwa kwa sasa hahitaji dawa, ila ahudhurie kliniki kila baada ya miezi sita. Kipimo chake cha pili mke kimetoka salama, alhamdulillah, na amebakisha sindano moja.

"Mama," aliniambia juzi, "amerudi chumbani. Tumekubaliana mtoto atasubiri mpaka nimalize sindano."

Wanandoa mnaosoma safu hii, na nyinyi mawalii mnaoandaa harusi, mahari na ukumbi vimepangwa vizuri. Ongezeni kipimo hiki katika orodha. Tunamuomba Allah atujaalie kizazi chema chenye afya, na awaponye wagonjwa wetu. Amin.