Jicho Halitoshi Kutambua Saratani ya Ngozi

Baka la ngozi lisilopona hapana budi lichunguzwe kwa hadubini. Limfoma ya ngozi, yaani saratani ya chembe nyeupe za damu iliyojitokeza katika ngozi, ni adimu na huwapoteza wengi. Mabaka yake hufanana na pumu ya ngozi au ukoma. Vinundu vyake huweza kudhaniwa ni saratani ya Kaposi.

Lazima ieleweke kwamba kukosea ugonjwa ni kukosea tiba. Mwaka 1958, Dk. Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa mataya ya watoto akiuita sarkoma. Baadaye hadubini ilionyesha kuwa ni limfoma. Na dawa, si kisu, ndizo zilizoleta matumaini.

Kwa hiyo mwananchi wa Nanyala, mkoani Songwe, ambaye baka lake limedumu miezi licha ya dawa za kupaka, asiachwe abahatishe. Walimu na watumishi wa zahanati wamhimize aende hospitali ya rufaa Mbeya, akatwe kipande kidogo cha ngozi kikapimwe. Jibu lisiporidhisha, kipimo kirudiwe. Kurudia kipimo si aibu, wala si hasara kwa Taifa.