Mgeni Aulize, Kisha Arudi Kujibu

Kila mwaka vijana wa vyuo vikuu vya ng'ambo huja nchini kushirikiana na wanafunzi wetu katika utafiti wa afya vijijini. Twawakaribisha kwa moyo mmoja. Lakini ukaribisho huo una masharti, na yapasa masharti hayo yasemwe wazi.

Ushirikiano wa kweli twaujua. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alifungua maabara ndogo huko Ifakara. Tangu hapo wanafunzi wa Basel wamekuja bonde la Kilombero, na Watanzania nao wamekwenda Basel, wakapata shahada zao za udaktari, wakarudi kuiongoza kazi wenyewe.

Na faida ya kumsikiliza mwananchi twaijua vile vile. Katika miaka ya 1990 watafiti waliokwenda Bagamoyo walikuta wazazi wengi wakijua kuwa malaria ni homa ya kutibiwa hospitali. Lakini degedege waliliona kuwa ni maradhi mengine kabisa, ya kupelekwa kwa mganga kwanza, na wengine waliamini kuwa sindano ingemwua mtoto. Fomu yenye neno "malaria" peke yake ingeipita nyumba hiyo bila kuona kitu, na mtoto amelala ndani. Nao mradi wa vyandarua vyenye dawa wa Kilombero na Ulanga uliwauliza wananchi kwanza, ndipo chandarua kikaitwa "Zuia Mbu". Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalihusisha vyandarua hivyo na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4.

Tusiyemtaka ni yule ajaye kwa majuma sita, akatoa damu vidoleni mwa watoto, akahesabu vyoo na kuku, akaondoka asionekane tena. Mkulima aliacha jembe lake asubuhi nzima ili amjibu, wala hakudai malipo. Habari zake huchapwa kwa Kiingereza, mahali asipofika yeye wala mganga wa zahanati yake. Na mwanafunzi wetu aliyetafsiri kutwa nzima juani hutajwa, akibahatika, katika mstari wa shukrani!

Kanuni za kimataifa zilizotolewa mwaka 2018 juu ya utafiti katika nchi maskini zimekwisha kusema kwamba matokeo lazima yarudishwe kwa wenyeji kwa namna watakayoielewa. Hatuombi hisani, basi.

Vibali vya utafiti hupitia COSTECH, na idhini ya maadili ya afya hutolewa na NIMR. Twapendekeza kwamba kila ombi la wanafunzi wa kigeni lionyeshe tarehe ya baraza la kijiji ambapo matokeo yatasomwa kwa Kiswahili, fedha za baraza hilo ziwekwe kando kabla kazi haijaanza, na jina la mwanafunzi wa Kitanzania liandikwe miongoni mwa waandishi wa ripoti. Chuo kinacholeta wanafunzi kumi kwetu nacho kiseme kitawapokea wetu wangapi.