Mvua haziko mbali, tuanze na mtaro wa mlangoni



Hapa kwetu Ujiji embe zimeshaanza kunenepa mitini, vumbi la barabarani limechoka, na jioni mawingu yanajikusanya upande wa Kongo halafu yanaondoka bila kutupa kitu. Wenye umri mkubwa tunajua maana yake. Mvua zinakuja. Kwa hiyo wiki hii naomba tuweke pembeni yale maswali ya ndoa na wakwe mliyonitumia, tuzungumze habari za mvua na watoto wetu.

Nianze na langu mwenyewe, maana si vizuri kumshauri mwenzio huku ukijificha.

Miaka kadhaa iliyopita, mwezi wa Desemba, mtoto wangu wa tatu alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Mvua ilinyesha usiku kucha. Bomba lilikuwa limekata siku ya pili, nikachota maji ya kisima kifupi cha nyuma ya nyumba. Yalionekana meupe, nikayatumia. Kesho yake alfajiri mtoto akaanza kuharisha. Mtu mmoja mzima niliyemheshimu sana akaniambia, "Usimpe maji, utamzidishia." Nikatii. Mpaka saa nane mchana mtoto alikuwa halii tena kwa sauti, na alipolia hakutoka chozi.

Aliyemwokoa ni jirani yangu, mama muuza dagaa, aliyekuja kuazima ungo. Alimtazama mtoto, akamfinya ngozi ya tumbo kidogo na kuiachia. Ngozi ikabaki imesimama. Hakusema mengi. "Mama fulani, mtoto huyu anakauka. Mbebe sasa hivi." Tulipanda bodaboda kwenye matope, mimi nimemfunika kwa kanga mbili. Muuguzi aliyetupokea alianza kumpa maji ya chumvichumvi kwa kijiko, kijiko baada ya kijiko, karibu usiku mzima. Alfajiri mtoto akaomba uji. Leo yuko sekondari, ana kelele kuliko wote nyumbani.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Jumamosi iliyofuata wanaume wa mtaa walizibua mtaro uliokuwa umefurika na kumwaga maji yake kisimani. Walitoa chupa, viatu, mabua, na rundo la pampasi zilizofungwa kwenye mifuko. Nilizitambua. Zilikuwa za mwanangu. Kila jioni nilikuwa nazitupa mtaroni nikijua mvua itazipeleka ziwani, hazitanihusu tena. Hazikufika ziwani. Zilikwama hatua thelathini kutoka kwangu, maji yakarudi kisimani, na kisima kikarudi kwenye kikombe cha mtoto yuleyule.

Tangu siku hiyo, kila Oktoba nakumbushana na wenzangu mambo haya. Yasome taratibu, mtumie na baba watoto ayasome.

Kwanza, kalenda ya mvua

Wilaya za kaskazini mwa mkoa wetu, Kibondo na Kakonko, huanza kupata mvua mapema. Sisi wa Kigoma, Ujiji, Uvinza, Kasulu na Buhigwe tuko kwenye eneo ambalo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) huliita la mvua za Msimu, yaani zinazoanza Novemba hadi Aprili. Utabiri wa Msimu hutolewa karibu na mwisho wa Oktoba. Usisubiri kuusikia kwa jirani aliyesikia kwa jirani. Sikiliza redio ya hapa kwetu, na ukisikia tahadhari ya mvua kubwa au upepo mkali ziwani, ichukulie kama unavyochukua taarifa ya msiba: acha ulichokuwa unafanya, jipange.

Mtaro na taka

Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi ni siku ya usafi nchi nzima. Kwa mji wetu, Jumamosi hii ya Oktoba ina uzito kuliko zote za mwaka, kwa sababu udongo bado ni mkavu na mtaro unafika chini. Ukisubiri Novemba utakuwa unachota tope linalorudi.

Zibueni mtaro wa mbele ya nyumba, na mkishazibua msiache taka pembeni yake. Mvua ya kwanza itazirudisha ndani. Zipelekwe kwenye sehemu ya kukusanyia taka, au muulize mtendaji wa mtaa gari linapita siku gani. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, lakini chupa za maji, vifungashio na pampasi bado tunazo, na ndizo zinazoziba. Pampasi ikunjeni, wekeni kwenye ndoo yenye mfuniko hadi siku ya gari. Msitupe mtaroni wala chooni.

Wenzetu wa mabondeni kama Katubuka wanajua zaidi yangu: maji yakituama kule hayana haraka ya kuondoka. Taka inayotupwa mlimani Mwanga inaweza kumfikia mtu asiyekujua kabisa. Tuhurumiane.

Choo nacho kikaguliwe sasa. Kama shimo limekaribia kujaa, lishughulikie kabla mvua hazijaanza. Kuna watu wenye tabia ya kufungulia choo mvua ikinyesha ili maji yabebe uchafu. Huo ni uuaji wa kimyakimya, na sheria haiuruhusu. Ukiona, mwambie mwenyekiti wa mtaa au bwana afya wa kata. Hujachongea mtu, umelinda watoto.

Maji ya kunywa

Maji meupe si maji salama. Hata ya bomba, yakikata na kurudi, acha ya mwanzo yatoke kabla ya kukinga. Ya kunywa yachemshwe hadi yatokote vizuri, yapoe kwenye chombo chenye mfuniko, yachotwe kwa kata yenye mpini, si kwa kikombe kilichoshikwa na kila mtoto. Kama mkaa umepanda bei, tumia dawa ya kutibu maji kwa kufuata maelekezo ya kwenye pakiti, ukikumbuka kusubiri muda ulioandikwa. Maji ya ziwa nayo ni hivyohivyo. Ziwa letu ni kubwa na linapendeza, lakini ufukweni ndiko tunakofulia, tunakooga na mitaro inakomwagia.

Tusisahau Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipofurika Kagunga na wengine wakapokelewa hapa mjini kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika. Kipindupindu kilizuka, watu wakafa. Kipindupindu hakiulizi nani mgeni na nani mwenyeji. Kinauliza nani amekunywa maji machafu na nani hakunawa mikono.

Mtoto akianza kuharisha

Hapa naomba msome mara mbili.

Mpe maji ya kunywa. Yule aliyeniambia nisimpe alikosea, na mimi nilikosea kutii. Mtoto anayeharisha anapoteza maji na chumvi, na kupoteza huko ndiko kunakoua.

Weka pakiti mbili au tatu za ORS nyumbani kabla ya mvua. Pakiti moja huchanganywa kwenye lita moja ya maji safi na salama. Mtoto wa chini ya miaka miwili mpe robo hadi nusu kikombe kila baada ya kuharisha. Mkubwa zaidi mpe nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, subiri dakika kumi, uanze tena kwa kijiko, polepole. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwage, changanya mengine. Kama huna pakiti na usiku ni mkubwa, chukua lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Usizidishe chumvi. Anayenyonya aendelee kunyonya, anayekula aendelee kula.

Kituo cha afya watakupa pia vidonge vya zinki. Vimalizwe kwa siku 10 hadi 14 kama ulivyoelekezwa, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu.

Usisubiri asubuhi ukiona haya: macho yamedidimia, analia bila machozi, ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi, hawezi kunywa au anatapika kila kitu, amelegea, ana degedege, au kinyesi kina damu. Kuharisha maji mengi kama ya mchele, kwa mtoto au mtu mzima, ni safari ya kituoni saa hiyohiyo, na njiani endelea kumnywesha. Ukitaka ushauri, namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 199.

Mbu

Yai la mbu huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja au mbili. Ndiyo maana kumwaga maji yaliyotuama mara moja kwa wiki kunasaidia. Chagua siku, kwangu ni Ijumaa asubuhi: watoto wanazunguka uani wanageuza makopo, matairi, vifuu na ndoo mbovu. Mapipa ya kukinga maji ya mvua yafunikwe.

Chandarua kitolewe, kishonwe palipotoboka, kichomekwe chini ya godoro. Kumbukeni kwamba mjamzito hupata chandarua kliniki, na mtoto hupata anapopelekwa chanjo ya surua ya miezi tisa. Wapo kati yetu wanaozungushia chandarua bustani ya mchicha au kuanikia dagaa. Mchicha hauugui malaria, mtoto anaugua. Akipata homa, apimwe siku hiyohiyo. Msinunue dawa kwa kukisia.

Njia ya shule na radi

Tembea na mtoto wako njia ya shule kabla ya mvua. Muoneshe ni wapi maji hupita kwa nguvu, na njia ya kuzunguka. Mwambie waziwazi: maji yakipita juu ya njia, usivuke, hata kama wenzako wamevuka. Maji yanayofika magotini mwa mtu mzima, kwa mtoto wa darasa la kwanza ni karibu na kiuno. Muahidi kwamba hatachapwa kwa kuchelewa kurudi. Watoto wengi huvuka kwa kuogopa fimbo kuliko maji.

Ngurumo zikianza, mtoto asijikinge chini ya mwembe, na Ujiji miembe ndiyo kivuli chetu. Aingie ndani ya nyumba, akae mbali na madirisha. Walio ziwani watoke majini. Oktoba 2018 radi iliua wanafunzi mkoani Geita wakiwa shuleni, kwa hiyo kamati za shule ziulize kama majengo yana vizuia radi. Swali hilo halina gharama.

Ziwa

Mwaka 2021 na tena 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda, likaingia kwenye nyumba na sehemu za biashara kandokando, upande wetu na kwa jirani zetu Burundi. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga ulioko Kongo, na maji mengi huondoka kwa kukaushwa na jua. Likishajaa halishuki kwa wiki moja. Wenye nyumba karibu na maji, angalieni alama ya mwaka ule ukutani. Pangeni sasa mtahamia kwa nani na vyeti vya watoto vitakaa wapi. Vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki na za bima vifungwe kwenye mfuko usiopenya maji, viwekwe juu.

Kwa wanaosafiri kwa mitumbwi na boti kwenda vijijini, mtoto avae jaketi la kuokolea, si kulikalia. Nahodha akisema leo hatuondoki, mshukuruni. Wavuvi wetu, dhoruba za usiku za msimu huu huja ghafla. Dagaa watakuwepo kesho.

Kabla ya Januari

Kwa kifupi: mwenye mtoto anayeanza awali au darasa la kwanza asisubiri Januari kuulizia uandikishaji. Kadi ya kliniki iangaliwe kama chanjo ya surua ya miezi 9 na ya miezi 18 zote zimechomwa. Namba za simu za kukariri na watoto: polisi 112, zimamoto 114, na 116 ya msaada kwa mtoto aliye kwenye matatizo.

Najua orodha ni ndefu, na mama aliyeamkia sokoni atasema, haya yote nitayafanya saa ngapi? Basi kama huwezi yote, fanya mawili. Jumamosi hii zibua mtaro wako, na ukitoka dukani nunua pakiti mbili za ORS uziweke kwenye kabati la vyombo. Ukimaliza, mwite jirani, kazi isiwe ya mama peke yake. Na baba, jembe liko nyuma ya mlango.

Yule jirani yangu muuza dagaa alikwishahama. Ungo alioazima hakuurudisha, na sijawahi kumdai.

Tukutane wiki ijayo, turudi kwenye yale maswali ya wakwe. Mvua njema.